Makala yako ipitie wapi: WhatsApp, Facebook, X, Telegram, au foleni ya mashine?

Kuna mama ninayenunua saga kwake sokoni Kibuye, Kisumu. Siku moja nilimtumia makala niliyoandika kuhusu kuhifadhi mbegu za mboga hiyo hiyo anayoniuzia. Niliporudi baada ya siku mbili nikamuuliza, "Mama, ulisoma?"

Akacheka. "Mwanangu, hiyo kitu ya buluu ulinitumia mimi sifungui. Bando yangu ni ya WhatsApp tu. Nikibonyeza inazunguka, inazunguka, halafu inakufa. Si ungeniandikia tu hapo?"

Wiki nzima nilikuwa nimeimaliza nikilinganisha vyombo vya kusambaza makala: kipi kina takwimu nzuri, kipi kinatuma mahali pengi kwa mkupuo mmoja. Bando ya msomaji haikuwa imenijia akilini hata kidogo.

Mimi huandika kuhusu mboga za kienyeji: saga, managu, mrenda, mitoo, kunde. Wasomaji wangu wako Kisumu, Vihiga, Kakamega na Kisii, na wengine wako Nakuru, watu waliohamia huko wakabaki na hamu ya mrenda. Sina mfadhili wala karani. Nina simu moja, kompyuta ya mkononi iliyozeeka, na kama saa moja ya jioni ya kusambaza nilichoandika. Ulinganisho huu ni wa mtu wa namna hiyo. Kama una ofisi na vijana wanne wa mitandao, mengi ya hapa hayatakufaa.

Kilichonifanya niandike ni kijana mmoja wa Nakuru anayeandika kuhusu viazi, hasa kwa wakulima wa Molo na Mau Narok. Alikuwa amepata programu inayoahidi kutupa makala mahali kumi kwa kubonyeza mara moja. "Kaka, nilipie hii ama niendelee kuhangaika na magrupu?" Nilimjibu kwa ujumbe wa sauti mrefu hadi akalalamika kwamba ugali umepoa. Hapa nimepanga vizuri zaidi.

WhatsApp, mlango kwa mlango

Watu husema "nitaiweka WhatsApp" kana kwamba ni mahali pamoja. Kuna kundi, kuna stetasi, kuna orodha ya matangazo, na kuna chaneli. Kila mlango una tabia yake, na makala inayopokewa vizuri mlango mmoja hufukuzwa mwingine.

Kundi laweza kubeba watu 1,024, lakini yanayonifaa mimi ni madogo, yale ambayo watu wanajuana: chama cha akina mama, waliosoma pamoja, kwaya ya kanisa. Uzuri wake ni kwamba unajibiwa. Niliwahi kuandika kwamba saga hupunguzwa uchungu kwa maziwa mabichi, na kabla chai haijapoa mama mmoja wa Luanda, Vihiga, alikuwa ameshaniambia kwao ni maziwa lala, mwingine akasema ni kuilaza usiku kucha kwenye chungu, na mabishano hayo yakanipa makala ya pili. Hakuna chombo kingine kilichowahi kunipa hivyo.

Ubaya wake ni kwamba kundi lina kazi yake. Ukitupa kiungo katika kundi la matayarisho ya mazishi wakati mweka hazina anasoma michango, utaondolewa, na mimi nitakuwa upande wa admini. Muulize kwanza. Na usifungue kundi lako mwenyewe kwa kuwaingiza watu ambao hukuwauliza. Ukimwingiza mtu, namba yake inaonekana na kila mwanakundi, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Namba ya simu ni data ya mwenyewe. Wanawake kadhaa wamenieleza wanavyoanza kupigiwa simu na wanaume wasiowajua wiki ile ile wanayoingizwa kwenye makundi ya watu wengi. Hawajisajili tena popote, na siwalaumu.

Stetasi hukaa saa 24 kisha inapotea. Huonekana na wale ambao umewahifadhi nao wamekuhifadhi, na unaona majina ya waliotazama. Wengi huweka picha ya makala na kiungo, basi. Mimi nimeona inafaa zaidi kwa swali kuliko kwa tangazo: picha ya majani mawili yanayofanana, na chini yake "Lipi ni managu na lipi litakuumiza tumbo?" Majibu huja kwa siri, mmoja mmoja, na hapo ndipo ninapomtumia aliyejibu makala nzima.

Orodha ya matangazo ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa mtu anayeanza, na ndiyo inayosahauliwa. Orodha moja huchukua watu 256. Unaandika mara moja, kila mmoja anapata kama ujumbe wake binafsi, na akijibu anajibu kwako peke yako. Kuna sharti moja: humfikia tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Watu huliona sharti hilo kama kasoro. Mimi naliona kama chujio, kwa sababu aliyekubali kukuhifadhi tayari amesema anataka kusikia kutoka kwako. Kijana wangu wa Nakuru ana namba za wakulima anaowajua kwa sura, watu aliokaa nao shambani wakichambua viazi vya Shangi. Hao, akiwauliza mmoja mmoja na wakakubali, wana uzito kuliko wafuasi elfu wa mahali pengine.

Chaneli ni ngeni zaidi. WhatsApp walianza kuifungua Juni 2023, Kenya ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo mwanzo kuipata, na Septemba mwaka huo ikaenea duniani. Wanaoifuata hawaonani, na hawaoni namba yako. Hilo peke yake linatosha kuwavutia wale niliowataja waliochoka kupigiwa simu. Lakini chaneli ni kipaza sauti. Wafuasi wanaweza kukuwekea emoji, wakapiga kura ukiuliza swali la kura, ila lile bishano la maziwa mabichi na maziwa lala halitazaliwa humo. Tena WhatsApp hutunza ya chaneli kwa siku 30 tu katika mitambo yake, kwa hiyo usiifanye ghala lako. Fungua chaneli pale orodha yako ya matangazo inapojaa, siyo kabla.

Sasa nirudi kwa mama wa Kibuye, maana yeye ndiye aliyebadilisha namna ninavyoandika ujumbe wenyewe. Kampuni zetu za simu zimeuza bando za WhatsApp peke yake kwa miaka. Aliyenunua bando hiyo anasoma maneno yako, anasikiliza sauti yako, anaona picha yako. Akibonyeza kiungo cha kumtoa nje ya WhatsApp, anagonga ukuta. Kwa hiyo siku hizi naandika kiini cha makala ndani ya ujumbe: sentensi nne au tano zinazojitosheleza, zenye kipimo na hatua, kisha kiungo chini kwa mwenye data. Mara nyingine ni ujumbe wa sauti wa dakika moja. Rafiki yangu mmoja anayeuza matangazo alinicheka: "Ukishawapa kiini, watafungua kwa nini?" Asiye na data hangefungua hata hivyo. Mwenye data anafungua akitaka zaidi. Na yule wa kwanza, siku akinunua bando kamili, anakumbuka nani alimpa kitu cha kumfaa bila kumsumbua.

Jambo moja la kiufundi ambalo hufanya makala ishindwe kusafiri. Tangu Januari 2019 ujumbe hauwezi kupelekwa mbele kwa mazungumzo zaidi ya 5 kwa mara moja, na tangu Aprili 2020 ule uliokwisha kupita mikono mingi, wenye mishale miwili, huenda kwa zungumzo 1 tu kwa wakati. Breki hizo ziliwekwa kwa ajili ya uvumi, lakini makala yako nayo hupanda gari hilo hilo. Ikifika kwa msomaji na ile alama ya kupelekwa mara nyingi, inasimama mstari mmoja na habari za dawa ya kitunguu inayoponya kila kitu. Kwa hiyo mimi sibonyezi kile kimshale. Nanakili, nabadilisha sentensi ya kwanza iwafae wa kundi lile, natuma kama ujumbe mpya.

Facebook: ukurasa ni mmoja, makundi ni mengine

Mwanzoni mwa 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza posti za ndugu na marafiki mbele ya zile za kurasa. Tangu hapo ukurasa usiolipiwa tangazo ni kama kibanda kilichofunguliwa nyuma ya jengo: bidhaa ipo, wapita njia hawaipiti. Bado ni vizuri kuwa nao, kwa sababu mtu akitafuta jina lako lazima akute kitu, lakini usimalizie jioni yako humo.

Makundi ya Facebook ni hadithi nyingine. Yapo ya wakulima, ya wafugaji wa kuku, ya wapishi, ya watu wa kaunti fulani walioko mbali na kwao. Na yana kitu kimoja ambacho WhatsApp haina hata kidogo: kumbukumbu. Ujumbe wa kundi la WhatsApp ukitumwa asubuhi, jioni umezikwa chini ya salamu na picha za maua. Posti ya kundi la Facebook mtu akiitolea maoni baada ya miezi minane, inapanda tena juu. Posti yangu ya kuhifadhi mbegu za saga ililala kiangazi chote, mvua za masika zilipoanza mtu akauliza swali chini yake, nayo ikafufuka ikasomwa kuliko siku niliyoiweka.

Kuna adabu humo pia. Makundi mengi hayapendi kiungo kitupu. Posti inakwama kwa admini au inaachwa bila kuonwa na mtu. Ninachofanya ni kuandika kisa kamili kwenye posti, picha moja niliyopiga mwenyewe, na kiungo nakiweka kwenye maoni ya kwanza.

Hapa ndipo ninapotofautiana kabisa na wanaosifu kutuma kila mahali kwa mkupuo mmoja. Chukua saga. Kiswahili sanifu kinaiita mgagani, jina ambalo sijawahi kulisikia likitamkwa sokoni Kibuye. Kisumu watu wengi wanaiita dek. Vihiga na Kakamega ni tsisaga. Kisii ni chinsaga, na Mkalenjin atakuambia isagek. Makala ni ile ile moja, kwa Kiswahili kile kile. Lakini nikiiweka katika kundi la Wakisii nikaanza na "Chinsaga yako inatoa maua mapema?" inafunguliwa na watu ambao wangeipita kama ningeandika "Mgagani: mbinu za kuchelewesha maua." Naandika mwanzo mara tatu, mara nne. Inachukua dakika kumi. Mashine inayotuma mahali kumi ingetuma jina moja mahali kumi, na katika mahali tisa jina hilo lingekuwa la ugenini.

X na Telegram, kwa kifupi

X, iliyokuwa Twitter hadi Julai 2023, sijapata mama mboga humo. Nimepata waandishi wa habari, watafiti, watu wa mashirika, na maafisa wa kaunti wanaotaka kuonekana wanajibu. Kwa hiyo naitumia nikiwa na jambo ambalo nataka lifike Nairobi: ukosefu wa mbegu, soko lililohamishwa, barabara. Una herufi 280, na kiungo chochote, kiwe kirefu au kifupi, huhesabiwa kama herufi 23, basi usihangaike kukifupisha. Elon Musk mwenyewe alieleza mwaka 2024 kwamba ni afadhali mtu aandike maelezo kwenye posti na kiungo akiweke kwenye jibu chini yake. Mwenye duka akikuambia bidhaa zako zinawekwa rafu ya chini, mwamini.

Telegram kiufundi ndiyo bora kuliko zote nilizotaja. Kundi la watu hadi 200,000, chaneli isiyo na kikomo cha wafuasi, kila posti inaonyesha imetazamwa mara ngapi, unaweza kupanga ujumbe utoke baadaye, na anayeingia leo anasoma ulichoandika miaka mitatu iliyopita. Kama ningechagua kwa karatasi ya sifa peke yake, ningemaliza hapa. Tatizo ni kwamba wasomaji wangu hawako humo; walioko ni vijana, wengi kwa ajili ya filamu na mambo ya shule. Tena Novemba 2023 na Novemba 2024, wakati wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, Telegram ilikwama nchini. Mtu anayeandika kuhusu kompyuta, au kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Maseno na Egerton, aifikirie kwa uzito. Wa mboga na viazi, bado.

Mashine za foleni

Sasa lile swali la kulipia. Mashine ya ratiba hufanya kazi rahisi: Jumapili unaandika posti zako, unazipanga foleni, nazo zinajitokeza zenyewe Jumanne saa moja asubuhi wewe ukiwa kwenye matatu. Buffer ina mpango wa bure wa akaunti 3, na posti 10 zikisubiri kwa kila akaunti, kiasi kinachomtosha mtu mmoja. Hootsuite, ya Vancouver tangu 2008, ilikuwa na mpango wa bure kwa miaka mingi, ikauondoa 2023. Meta Business Suite, ya wenye Facebook wenyewe, hailipiwi, nayo hupanga posti za ukurasa wa Facebook na za Instagram.

Linganisha hizo na mahali ambapo wasomaji wako walipo kwa kweli. Akaunti binafsi ya Facebook? Programu za nje zilikatazwa kuandika humo kuanzia Agosti 2018. Makundi ya Facebook? Mlango huo nao Meta waliufunga Aprili 2024. X? Mwaka 2023 njia ya bure ambayo programu hizi ziliitumia iliondolewa, na baadhi zikaacha Twitter kabisa, ikiwemo ile ya WordPress iliyokuwa ikisambaza makala yenyewe mara inapochapishwa. Makundi ya WhatsApp? Kwa makundi ya kawaida kama haya yetu, hakuna njia rasmi. Programu zinazodai kutuma humo kwa niaba yako zinavunja masharti ya WhatsApp, na siku namba yako ikifungiwa umepoteza makundi yako yote, pamoja na lile la familia.

Ukiondoa hayo, mashine inabaki na kurasa, yaani pale pale ambapo wasomaji ni haba. Unalipia gari zuri la kwenda sokoni siku isiyo ya soko.

Na kuna hatari ambayo hakuna tangazo linaloitaja, kosa langu mwenyewe kabisa. Msimu mmoja wa masika nilipanga posti za wiki mbili nikasafiri. Mojawapo ilikuwa na maneno ya furaha kuhusu mvua kuwa neema kwa mboga zetu. Asubuhi iliyotoka, mto Nyando ulikuwa umevunja kingo, na watu wa upande wa Ahero walikuwa wanabeba magodoro kichwani. Posti yangu ilikaa pale saa tano kabla sijaiona. Mzee mmoja aliandika chini yake neno moja tu, "Kweli?" Niliifuta, lakini neno lile lilikuwa limeshasomwa, na lilinistahili. Tangu hapo posti yoyote iliyo kwenye foleni haigusi mvua, wala chakula kujaa, wala siasa.

Kuna mtu mmoja ambaye ningemwambia alipie bila kusita: anayeandikia Wakenya walio nje. Saa mbili usiku kule New York ni saa tisa au saa kumi ya usiku huku, kutegemea majira yao. Hakuna haja ya kuamka na jogoo hajawika ili ubonyeze kitufe.

Vitufe, viungo vifupi, na kadi

Vile vitufe vya rangi chini ya makala, vya "sambaza hapa, sambaza pale", nilivithamini sana zamani. Vingi huletwa na kampuni ya nje, msomaji anavipakua kwa data yake hata asipovigusa. Na kampuni hizo hufa: AddThis, iliyokuwa imenunuliwa na Oracle mwaka 2016, ilifungwa 31 Mei 2023, na kila aliyeitegemea akabaki na nafasi tupu. Ninacho kitufe kimoja tu sasa, cha WhatsApp, na hakina kampuni katikati: ni kiungo cha kawaida kinachoanza na wa.me/?text= kikifuatwa na maneno na anwani ya makala. Msomaji akibonyeza, WhatsApp yake inafunguka na ujumbe umeshaandikwa, anachagua wa kumtumia.

Viungo vilivyofupishwa, viache. Huku kwetu watu wametumiwa mno viungo vya ajabu vya "bando ya bure" na "umeshinda", na kiungo kisichoonyesha kinakokwenda kinafanana nao. Tena hata kampuni kubwa huchoka: Google ilitangaza mwaka 2018 kwamba inaistaafisha goo.gl yake.

Afadhali muda huo uutumie kwenye kadi, ile picha na kichwa vinavyotokea unapobandika kiungo. Vinatoka kwenye alama za Open Graph zilizoanzishwa na Facebook mwaka 2010, na WhatsApp nayo huzisoma. Picha ya pikseli 1200 kwa 630 inatosha. Mimi huipunguza iwe chini ya kilobaiti 300, kwa sababu ikiwa nzito WhatsApp mara nyingi huonyesha kiungo kitupu, na kiungo kitupu ndicho kile "kitu cha buluu". Ukibadilisha picha na Facebook ikaendelea kuonyesha ya zamani, ipitishe anwani yako kwenye kikaguzi chao kiitwacho Sharing Debugger, uiambie isome upya.

Nilichomwambia kijana wa Nakuru

Asilipe. Afungue orodha moja ya matangazo ya WhatsApp, aanze na wakulima anaowajua na kuwauliza idhini. Achague makundi mawili ya Facebook, mawili tu, ambayo yeye mwenyewe anayasoma na kujibu maswali ya wengine hata siku ambazo hana makala. Ukurasa wake aupangie posti kwa Meta Business Suite, bure, mambo ya kudumu kama kina cha kupandia na nafasi kati ya mistari. X aiache hadi siku atakapokuwa na neno kuhusu bei au vipimo vya magunia. "Na ile ya mahali kumi?" Nikamuuliza anitajie hayo mahali kumi. Alifika manne.

Akifika mwezi wa pili, aanze kupima, na hapa kuna mtego. Mtu akitoka WhatsApp kuja kwenye makala, takwimu za tovuti yako mara nyingi humwandika kama aliyekuja "moja kwa moja", kana kwamba aliikariri anwani. Ukiziamini hivyo utadhani WhatsApp haifanyi kazi na Facebook ndiyo mfalme. Dawa ni kuongeza alama mwishoni mwa kiungo kabla hujakituma: ?utm_source=whatsapp kwa orodha, ?utm_source=facebook kwa kundi, na ukitaka kujua kundi lipi, ongeza &utm_campaign= na jina lake. Kiungo kinafungua makala ile ile, ila kinaacha jina lake mlangoni. Andika herufi ndogo kote, kila mara. Mimi niliwahi kupoteza mwezi mzima nikilinganisha "Facebook" na "facebook" kama watu wawili wanaoshindana, nikawa hata nimeshaanza kumpendelea mmoja.